Aliyeniita Ndani

Mwala, 12 Februari 2024

Shemeji Mbithi,

Nimekupigia simu hadi nimechoka, na mdogo wangu Wayua ananiambia hata yeye mkeo humpokei mchana. Kwa hiyo nimenunua karatasi. Barua hii inakuja na Ndunda wa lori la mchanga, anayesema anakuona kila Jumanne kwenye mjengo wenu mpya huko Konza. Usinicheke mwandiko. Ni wa mkono wa kushoto, na mkono huu umeingia darasa la kwanza ukiwa na miaka arobaini na sita.

Yaliyotokea unayajua, ulikuwepo, lakini nayaandika kwa sababu kuna watu wanayasimulia vingine. Miaka miwili nimewapikia mafundi wa kampuni ya Bwana Bonface nikiwa nje ya lango, kwenye kibanda changu cha mabati. Sikuwahi kuvuka lango lile bila kuitwa. Tarehe kumi na nane Novemba ilikuwa siku ya slabu, ile sakafu ya konkriti ya ghorofa. Slabu ikianza kumwagwa haisimami mpaka iishe, na mwenye jengo huchinja mbuzi ili watu wale kwa zamu palepale kazini. Wewe ndiye uliyekuwa nyapara. Ulikuja langoni ukaniambia, "Shemeji, leo ingiza sufuria ndani, slabu haingoji mtu." Nikaingiza. Saa saba na nusu karai lililojaa konkriti likaanguka kutoka juu ya jukwaa la mafundi likanipiga bega la kulia.

Mfupa wa mtulinga ulivunjika mahali pawili na mshipa wa mkono ukachanika. Nimepasuliwa mara mbili. Daktari anasema mkono utakuwepo ila kazi hautafanya. Basi upo, nimeuning'iniza kwa leso.

Nimeshtaki kampuni. Wakili wangu ni Bi Asmaa wa Machakos mjini. Kampuni imejibu kwamba niliingia bila ruhusa ya mtu yeyote, kwa hiyo haina jukumu lolote kwangu, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Hayo ya mwiba nimeongeza mimi, lakini ndiyo maana yao.

Sitaki kitu kingine kwako. Sema tu kwamba ni wewe uliyeniita.

Shemeji yako,
Kanini


Konza, 27 Februari 2024

Kwa shemeji yangu Kanini,

Salamu zangu zitangulie na maswali yako yafuate nyuma, maana salamu hazina korti. Nimefurahi kuona mwandiko wako. Umenyooka kuliko wangu wa mkono wa kulia, na mimi nimekula miaka minane ya shule.

Pole sana, na pole tena. Huku kazi ni nyingi. Bwana Bonface ameniweka niwaangalie watu arobaini, nimepewa hata viatu vipya vya chuma mbele. Simu siisikii kwa sababu ya mashine, usidhani nakukimbia.

Kuhusu siku ile, shemeji, nikisema ninakumbuka kila neno nitakuwa nadanganya. Kulikuwa na kelele, watu walikuwa wengi, kila mtu alikuwa anamwita mwingine. Labda nilikuita, labda uliitwa na mwingine, labda ulisikia mtu anaitwa ukadhani ni wewe. Ajali ni ajali, na mapenzi ya Mungu hayapigi hodi.

Ningeomba uiache hiyo kesi. Tumeziona kesi za mashamba huko kwetu: aliyeshinda alitoka na karatasi, na aliyeshindwa akatoka na karatasi. Niachie mimi. Nitaongea na Bwana Bonface polepole akusaidie kibinadamu, si mtu mbaya. Nimempa Ndunda gunia dogo la unga akuletee.

Msalimie Wayua ukimwona kanisani. Mwambie nakuja Pasaka.

Shemeji yako,
Bartholomew Mbithi


Machakos, 15 Aprili 2024

Kwa Bi Kanini,

Uliniomba nikuandikie kwa Kiswahili na bila kuzunguka, nami natii.

Kampuni imewasilisha utetezi wake. Shahidi wao wa kwanza ni Bartholomew Mbithi, aliyekuwa nyapara. Katika maelezo aliyoyatia sahihi anasema kwamba hukuitwa na mtu, kwamba alikukanya mara tatu usivuke lango, na kwamba jukwaa lilikuwa na mbao zake zote za pembeni, zile zinazozuia vitu visiteleze na kuanguka. Maelezo hayo yana tarehe 18 Novemba 2023; nakala nimeiambatisha hapa.

Sheria yenyewe si ngumu. Anayeshikilia mjengo ana wajibu wa kumlinda kila anayeingia kwa ruhusa, hata aliyeingia kuleta chakula. Tena, jambo analolifanya mwajiriwa akiwa kazini, mwajiri ndiye hulibeba. Nyapara akikuita, kampuni imekuita. Nyapara akikosea kazini, kampuni imekosea. Lakini ni lazima tuonyeshe kwamba aliita, na kwa sasa nina neno lako peke yake dhidi ya karatasi yenye sahihi. Mafundi wengine niliowatafuta wote wanasema walikuwa wanaangalia karai.

Jambo moja zaidi. Nakuomba ukumbuke vizuri mahali ulipokuwa umeketi, na ni nani aliyekuonyesha pale. Watakuuliza.

Wako katika huduma,
Asmaa Nurudin, Wakili


Mwala, 18 Aprili 2024

Mbithi,

Nimeona sahihi yako. Ile B yenye mkia niliiona mara ya kwanza siku ulipomuoa Wayua, nikiwa nimesimama nyuma yenu mkiandika kwenye kitabu cha padri. Sikuhitaji kuambiwa ni ya nani.

Tarehe kumi na nane Novemba. Siku ileile. Mimi nilikuwa kwenye machela nangoja chumba cha upasuaji, na wewe ulikuwa unaandika kwamba ulinikanya mara tatu. Petro naye alikana mara tatu, lakini hakutia sahihi.

Miezi yote hii nilidhani unaogopa kusema. Kumbe ulishasema.

Juzi nilijaribu kutwanga mahindi ya kupika muthokoi. Mchi unataka mikono miwili, na mimi nilikuwa nakipiga kinu pembeni kama mtoto anayecheza. Nikaketi chini nikalia, kwa sauti, hadi jirani akaja. Kibanda nimekifunga, na mabati nimeyaezua.

Wayua sijamwambia. Usidhani ni kwa ajili yako.

Unga wako uko kwa Ndunda, unarudi. Usinitumie mwingine.

Kanini


Konza, 30 Juni 2024

Shemeji,

Nimeandika barua hii nikaitupa, nikaandika tena nikaitupa. Leo ni Jumapili, mjengo umefungwa na sina kelele za kujificha ndani yake.

Ni mimi niliyekuita. Maneno uliyoyaandika ndiyo niliyoyasema, hakuna hata moja lililozidi.

Lakini si hilo nililoogopa. Nilichoogopa ni ubao. Asubuhi ile makarai yalikuwa yanapanda mkono kwa mkono kutoka chini, na kila karai likipitishwa juu ya jukwaa lilikuwa linagonga ubao wa pembeni na kumwaga. Watu walianza kunung'unika. Bwana Bonface alikuwa anapiga simu kila nusu saa, mmefika wapi, mmefika wapi. Nikachukua nyundo nikaung'oa ubao upande wote unaotazama barabara. Hakuna aliyeniamuru. Nilijiambia ni kwa saa mbili tu, halafu nitaurudisha. Shemeji, kila nyapara ninayemjua huung'oa siku ya slabu. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka, na ndiyo maana hata mimi sikushtuka. Nikaja langoni nikakuita, wala ubao haukuwa kichwani mwangu. Nilikuambia ukae ukutani mwa stoo. Nadhani nilikuambia. Nimelifikiria hilo hadi limechakaa, sasa sijui kama nalikumbuka au nimejitungia.

Jioni Bwana Bonface alinikuta nimekaa juu ya rundo la kokoto, konkriti imenikaukia mikononi. Akaniingiza kwenye pikapu yake. Akasema, "Mbithi, ukisema ulimuita huyo mama, watakuuliza ubao ulienda wapi. Na ubao ni wewe. Hapo si kesi ya kampuni tena, hapo ni jela yako. Weka sahihi hapa, hii maneno iishe, kesho uende Konza." Karatasi ilikuwa tayari imepigwa chapa. Sikuisoma hadi mwisho. Nilisoma mpaka pale paliposema mara tatu, nikaona aibu ya kuendelea, nikatia sahihi ili isiwe mbele yangu.

Miezi saba nimekula chakula cha mtu anayesubiri kukamatwa. Viatu vipya vinanibana na sijasema.

Sasa unajua yote. Barua hii ukitaka mpe wakili, na ukitaka ichome. Naliacha jambo hili mikononi mwako.

Mbithi


Mwala, 9 Julai 2024

Shemeji,

Unaliacha mikononi mwangu. Mimi nina mkono mmoja, na huo una kazi nyingine.

Sikumpa Bi Asmaa barua yako na sikuichoma. Nimeikunja humu ndani, inarudi kwako. Ulitaka mimi ndiye nimpeleke kortini mume wa mdogo wangu, ili siku Wayua akiuliza, umwambie ni dada yake aliyetoa barua. Kazi hiyo siifanyi. Karatasi haiapi, anayeapa ni mtu.

Nilimuuliza Bi Asmaa kwa mbali, kama mtu anayemuulizia jirani: nyapara aking'oa ubao kazini, anafungwa? Akasema kesi yetu ni ya madai, haina pingu. Wakaguzi wa usalama wana mambo yao, lakini hata wao huanza na kampuni. Kosa la mwajiriwa akiwa kazini hubebwa na mwajiri, na Bwana Bonface analijua hilo tangu siku alipokukuta kwenye kokoto. Alihitaji mtu wa kujificha nyuma yake, akakupata wewe. Bi Asmaa akaongeza kwamba anayeweza kufungwa ni yule anayeapa mbele ya hakimu kisha akasema uongo. Aliponiambia hivyo aliniangalia sana. Nafikiri jirani yangu amemjua.

Na mimi nina langu. Ulisema. Ulisema nikae ukutani mwa stoo, ukanionyesha kwa kidole. Nilikaa hapo kidogo jua likaniunguza, nikahamisha vyombo hadi kivulini, chini ya jukwaa. Sikuangalia juu. Hospitalini, nikiwa na maumivu, nilimwambia wakili kwamba ni wewe uliyenionyesha pale chini. Halafu nikaona aibu kurudi nyuma. Nilikuita mwongo nikiwa na uongo wangu chini ya mto.

Jana nilienda Machakos nikamweleza ilivyokuwa. Alifunga kalamu. Akasema nikisema hivyo kortini, sehemu ya haki yangu itakatwa. Nikamwambia ikatwe.

Tarehe ni 22 Oktoba, saa tatu. Mimi nitatangulia kutoa ushahidi, na wewe utangoja nje hadi uitwe. Kampuni itakuleta kwa gari lake uje kuthibitisha karatasi yao. Sikuambii la kusema.

Kanini


Mwala, 15 Oktoba 2024

Shemeji,

Miezi mitatu hujajibu. Ndunda anasema ulipokea barua mkononi, ukaisoma ukiwa umesimama, ukairudisha kwenye bahasha na kurudi kazini.

Wayua anashona gauni la kwenda nalo kortini. Anadhani unakuja kunitetea. Ameniuliza kama utavaa suti ile ya harusi. Nimemwambia sijui.

Kanini


Masii, 25 Oktoba 2024

Shemeji Kanini,

Uliondoka kortini kabla sijateremka ngazi, na una haki. Nimempa Wayua barua hii akuletee. Naandika kwa sababu nilikuwa nimekupa ubavu, hukuniona uso, na ninataka ujue kilichopita hapo.

Bwana Bonface alinileta mwenyewe kutoka Konza. Njiani alininunulia chai na mandazi. Wakili wao alinisomesha ile karatasi mara mbili nje ya mlango, kama mtoto kabla ya mtihani. Nakuambia ukweli ulio mbaya: hata niliposhika Biblia, nilikuwa nimeamua kuisema karatasi ilivyo. Suti ya harusi ilikuwa mwilini, Wayua alikuwa ananitabasamia, na mimi nilikuwa nimeamua.

Wakili wao akaanza kwa furaha. Akaniambia, "Bwana Mbithi, mama huyu mwenyewe asubuhi ya leo amekiri kwamba ulimwambia akae ukutani mwa stoo, na kwamba alihama kwa hiari yake. Ni kweli ulimwambia?" Shemeji, uliandika kwamba utasema, lakini sikuamini. Nilidhani siku ikifika utafanya kama mimi. Nikiwa nje pale ulikuwa ndani unajikata mwenyewe, mbele ya watu, na hakuna aliyekushika shati.

Nikasema ndiyo, nilimwambia. Hakimu akainua kichwa akauliza stoo iko wapi. Nikasema iko ndani ya lango. Akauliza, "Ulikuwa unamwelekeza akae wapi ndani, mtu uliyemkanya mara tatu asiingie?" Wakili wao akaanza kukohoa. Ningeweza kupata njia ya kutokea, mimi sikosi maneno, unanijua. Sikuitafuta. Nikasema, "Nilimuita mimi. Ilikuwa siku ya slabu na watu walikuwa na njaa."

Kisha Bi Asmaa akasimama akaniuliza juu ya mbao za pembeni. Nikamwambia nilizing'oa mimi, kwa nyundo yangu, bila kuamriwa. Waliponiuliza ile sahihi ni ya nani, nikasema ni yangu pia.

Bwana Bonface hakunirudisha Konza. Begi langu limeletwa hapa nyumbani na Ndunda. Nimesikia wakili wake anaiambia korti kwamba kama kuna wa kubeba mzigo huu, ni mimi peke yangu kwa mkono wangu. Labda korti itakubali. Sijui nitaubeba na nini, lakini kwa nilivyoona usoni mwako ulipopita mlangoni, sikutaka kubishana na wakili huyo.

Wayua alisikia yote pale, siku moja na watu wa soko. Hilo ndilo ningelitoa kwanza kama ningepewa kutoa kitu. Anapika, ananiwekea mezani, haketi. Gauni amelikunja akalirudisha kwenye sanduku.

Sikuombi msamaha hapa. Nikiomba, nitakuja kwa miguu yangu.

Mbithi


Mwala, 14 Machi 2025

Shemeji Mbithi,

Hukumu ilisomwa jana. Bi Asmaa amenieleza pole pole, nami nakueleza kama nilivyoelewa.

Kampuni itabeba sehemu nne kati ya tano za madhara yangu. Sehemu ya tano ni yangu mwenyewe, kwa kuhamia chini ya jukwaa nilipokuwa nimeonyeshwa mahali pengine. Sikatai. Kuhusu wewe, hakimu amekataa ombi la kampuni. Amesema nyapara alikuwa kwenye kazi ya kampuni, akikimbizwa na haraka ya kampuni, na alichokifanya kwa nyundo ile kilifanywa na kampuni. Amesema, na Bi Asmaa alinisomea mara mbili nikimwomba, kwamba mbele ya sheria kosa la Bartholomew Mbithi ni kosa la mwajiri wake.

Watu wa soko walinipokea kwa vigelegele. Nilicheka nao, nikaingia nyumbani, nikakaa na neno hilo. Nimeshukuru kwa hukumu, usinielewe vibaya. Bila hiyo mkono wangu ungebaki bila mwenyewe, kana kwamba hakuna aliyeuharibu. Na wewe sitaki uuze ng'ombe wa watoto wa Wayua kulipa.

Lakini kampuni haikuja langoni. Kampuni haikuniita shemeji. Nimejaribu kuikasirikia nimeshindwa, ni jina tu lililoandikwa kwenye bango. Niliyemkasirikia mwaka mzima ni wewe, na wa kumsamehe ni wewe. Sasa hakimu amelichukua kosa lako akampa Bwana Bonface, na mimi nisamehe nini? Kwa hiyo hapa kwangu nalirudisha. Korti ifanye yake, na hapa nyumbani kosa ni lako, ulibebe ukija.

Sijamaliza. Kuna asubuhi nafunga leso kwa meno na nakuchukia hadi chai inapoa. Kuna nyingine nakukumbuka umesimama kortini na suti imekukaza tumbo, unasema mimi, mimi, mimi, na nataka kuja kukuletea maji.

Wayua anasema uko Athi River kwa kibarua, na kwamba hutakanyaga Mwala mpaka nikuite. Yeye ameanza kuketi mezani ukija, ameniambia. Mimi sijui nitakuwa nimefika wapi Jumapili. Inawezekana nitakuangalia tu nisiseme kitu, na utalazimika kukaa hapo ukiangaliwa.

Njoo Jumapili baada ya misa. Safari hii kuna ushahidi wa maandishi: ni mimi ninayekuita.

Shemeji yako,
Kanini